Toroli Lililopita Wodini Bila Kuamsha Mtu

Sogeeni karibu, enyi mlioketi na enyi mliosimama, na yule aliye mlangoni aingie au atoke, kwa maana habari niliyo nayo haipendi kukatizwa. Wengine husimulia habari za wafalme waliobomoa miji na majemedari waliovuka jangwa na majeshi yao. Mimi sina mfalme. Nitawasimulia habari za mtu mmoja, mwenye viganja vipana kama sahani za mizani na sauti ya mvua inayokuja, aliyesukuma toroli la dawa hatua arobaini na mbili ndani ya wodi ya wanaume, saa ya mapumziko, wala asimwamshe mgonjwa hata mmoja. Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize. Huko mbele kuna watu wamelala.

Nami si mtu wa kuokota habari njiani. Nilikuwa miongoni mwa wafanyakazi kumi na wanane wa karakana yake. Yaliyotokea karakanani niliyaona kwa macho yangu. Yaliyotokea wodini nimeyapata kwa mkewe, ambaye hatii chumvi, na kwake yeye mwenyewe, ambaye hutia, nikasimama katikati yao.

Kwanza mjue shujaa. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye vyeti, limetulia humo. Sisi sote tulimwita Ngurumo. Miaka ishirini na miwili alisimama kando ya mashine ya kugandamiza mpira, na mashine ile ilimla nusu ya masikio yake, naye kwa kutojisikia mwenyewe akazoea kusema na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde. Akikuambia siri, mtaa mzima unaitikia. Lakini kile masikio yalichopoteza, viganja vilikiokota. Alikuwa akiweka mkono juu ya mashine inayokwenda, akafumba macho, kisha akasema ni boliti gani imelegea, nasi tukienda kuitazama tunaikuta imelegea.

Na kazi yetu ilikuwa bushi. Bushi ni kile kipande cha mpira chenye tundu katikati, kinachokaa kati ya chuma na chuma chini ya gari, ili gari likipita shimoni vyuma visigombane. Hakuna aliyewahi kuisifu bushi ya gari lake. Watu huikumbuka siku inapokufa. Sisi tuliwatengenezea bushi watu wa kiwanda cha kuunganisha magari, kile kikubwa chenye uzio mrefu, miaka yote hiyo, na magari yaliyotoka getini mwao yalitembea juu ya jasho letu bila kujua.

Hata ikafika siku, barua ikaja. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Kiwanda kitafunga milango mwisho wa mwaka; magari sasa yataletwa yakiwa tayari; wanatushukuru kwa ushirikiano. Ngurumo aliisoma akiwa amesimama, kisha akampa mkewe aisome kwa sauti, kana kwamba kwa sauti yake ingetoka barua nyingine. Ikatoka ileile.

Alituita sote akatuambia. Kwa mara ya kwanza hatukuhitaji kuziba masikio, maana maneno yalimtoka kidogo kidogo. Tukarudi nyumbani tukiwa hatujui tuwaambie nini wa nyumbani.

Sasa mjue na mkewe, Bi Kalamu, mwanamke mwenye mwandiko ulionyooka na subira isiyo na mwisho, aliyeshika ofisi ya karakana ile tangu ilipokuwa meza moja na kiti kibovu. Yeye ndiye aliyesikia redioni kwamba serikali imeanzisha Mpango wa Kuwasaidia Watengenezaji wa Vipuri Kuingia Katika Bidhaa Nyingine. Jina hilo lilikuwa refu kuliko karakana yetu, lakini maana yake ilikuwa nzuri: yeyote aliyekuwa akitengenezea magari, akitaka kutengeneza kitu kingine, serikali itamsaidia kupata kalibu mpya na mashine mpya, na mafunzo kwa watu wake, mradi athibitishe kwamba kitu hicho kinafanya kazi na yuko anayekitaka.

Jioni hiyo mume na mke walikaa jikoni, fomu yenye kurasa ishirini na tatu ikiwa kati yao.

"Mama watoto," akanena Ngurumo, na vijiko vikatikisika kwenye kikombe, "mimi najua bushi. Kitu kingine sikijui. Nina miaka hamsini na sita. Wanataka niwe nani sasa?"

Bi Kalamu hakuinua macho kwenye fomu. "Baba, wewe hujui bushi. Wewe unajua kuweka mpira kati ya chuma na chuma visipigane kelele. Hiyo si kazi ya gari peke yake. Mama yangu alipolazwa siku nne, unakumbuka alilalamikia nini? Hakulalamikia mguu. Alisema, ugonjwa nauvumilia, ila lile toroli la dawa litaniua."

Ngurumo akasogeza kikombe. Akaweka kiganja juu ya meza, kama afanyavyo juu ya mashine. Kisha akasema, "Kitovu cha gurudumu. Chuma kinazunguka ndani ya chuma."

"Ukurasa wa tatu," akasema Bi Kalamu. "Jina la bidhaa mpya. Nakuandikia."

Basi wakaondoka kwenda hospitali, wakafika mbele ya mtawala wa wodi ya wanaume, Matroni, mwanamke mfupi mwenye saa iliyobandikwa kifuani kama nishani ya vita, na viatu vya raba vilivyomfikisha nyuma yako kabla hujajua kuwa yupo. Wakamweleza shida yao. Naye akawasikiliza mpaka mwisho, akajibu, na maneno yake nayatoa kama yalivyosemwa.

"Mimi nina matoroli sita, na yote yanalia. Nimeandika barua nne kuomba mafuta ya kulainisha magurudumu. Barua ya nne ikajibiwa, nikaletewa mafuta ya kupikia. Wagonjwa wangu nawapa dawa ya usingizi kwa mkono huu, halafu nawaamsha kwa toroli nililoibebea. Kwa hiyo sikilizeni. Chukueni moja, lile baya kuliko yote, wauguzi wanaliita Jogoo. Mlirekebishe, mlirudishe. Lipite wodini kwangu saa nane mchana, wamelala, likiwa na mzigo wote. Likipita salama, nitawasainia barua ya kulihitaji, na mengine matano nitawaletea. Mgonjwa mmoja akiamka kwa ajili yenu, tutaagana vizuri tu, wala sitawakasirikia. Ila saini yangu hamtaipata."

"TUMEKUBALI, SISTA," akajibu Ngurumo, na mtu mmoja wodini akaamka.

Jogoo akaletwa karakanani kwenye pikapu. Tulipomsukuma hatua tatu kwenye saruji, mbwa wa jirani alijibu.

Nasi tulikuja bila kuitwa. Oda za bushi zilikuwa zimekwisha, mshahara haukuwapo, lakini habari zilitembea, na asubuhi ya pili kumi na wawili wetu tulikuwa getini tumevaa ovaroli. Hapo ndipo vita vilipoanza. Tulichanganya mpira, tukaujaza kwenye kalibu, tukaupika, tukautoa, ukawa mgumu kama kwato, Jogoo akalia. Tukaulainisha, ukawa kama ubani uliotafunwa. Jogoo akagandana sakafuni asiende mbele wala nyuma. Fundi wetu wa kalibu, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alichonga kalibu ya kwanza, ya pili, ya tano, ya tisa. Alipofika ya kumi na moja aliacha kuongea na watu. Ya kumi na nne aliipeleka mwenyewe kwenye mashine, akasimama hapo mikono kiunoni, na mpira ulipotoka akaubonyeza kwa kidole gumba, akaenda kunywa maji. Hivyo tukajua.

Tukaweka mpira kwenye vitovu vinne, tukavisha magurudumu manne, tukatandika mpira mwembamba kwenye rafu ili chupa zisigongane. Kisha likafanywa gwaride la mazoezi. Tulilala juu ya magunia, safu mbili, tukajifanya wagonjwa, na Ngurumo akapita katikati yetu akisukuma. Niseme ukweli, kwa kuwa hii ni kumbukumbu ya mambo yaliyotokea: mimi nilisinzia. Nilikuwa na siku nyingi sijalala vizuri.

Niliamka nikasikia radi juu ya kichwa changu. "HUYU AMELALA KWELI AU ANAFANYA KAZI?"

Bi Kalamu akaja, akanitazama, akamtazama mumewe. "Alikuwa amelala kweli," akasema taratibu. "Toroli limempita asisikie. Wewe ndiye uliyemwamsha."

Hapo sote tukaona pamoja mahali hatari ilipokuwa. Gurudumu lilikuwa tayari. Aliyebaki ni msukumaji.

"Basi asukume mwingine," akasema fundi wa kalibu.

Bi Kalamu akafungua fomu, ukurasa wa kumi na nne, akasoma: "Mtengenezaji mwenyewe ataonyesha bidhaa kwa mikono yake, bila msaidizi." Akaifunga. "Na aliyeandikishwa ni yeye."

Siku ikafika. Ilikuwa Jumatano, jua la kawaida, na wala hakukuwa na ishara yoyote angani. Kwenye geti la hospitali Bi Kalamu alimsimamisha mumewe, akamfunga kifungo cha shati, akatoa peremende moja kwenye mkoba.

"Kuanzia hapa husemi kitu," akamwambia. "Ukisikia hamu ya kusema, inyonye. Usiitafune. Mimi nitasimama mwisho wa wodi. Gurudumu likilia nitainua mkono. Wewe hutasikia, kwa hiyo nitazame mimi."

Ngurumo akafungua mdomo. Bi Kalamu akamtia peremende ndani. Akaufunga.

Afisa wa Mpango alikuwa amekwisha fika, kijana mrefu mwenye mkoba mkubwa kuliko kifua chake, ambaye kwa sababu ya simu zake zote kuishia kwa neno lilelile sisi tulimwita Bwana Kiambatisho. Tulimdhania mtu mkavu. Lakini alipofika mlango wa wodi akaona watu wamelala, alivua viatu, akavishika mkononi, na soksi yake ya kushoto ilikuwa imetoboka kidoleni. Akamnong'oneza Bi Kalamu, "Mama, nina mafaili thelathini na moja ofisini. Mengi hayajafika hapa mlipofika nyinyi. Mimi mwenyewe nilitaka nilione moja likifanikiwa." Bi Kalamu anasema tangu hapo hakumcheka tena, isipokuwa soksi.

Sasa itazameni wodi, uwanja wa tukio. Vitanda kumi na viwili, sita kulia na sita kushoto, kimoja kitupu. Mapazia ya buluu yamefungwa nusu. Feni moja juu inazunguka taratibu. Wagonjwa kumi na mmoja, na Matroni akiwahesabu kwa kidole, akisikiliza pumzi zao mmoja mmoja. Naye akampakia Jogoo mzigo wote bila huruma: chupa arobaini za dawa ya maji, trei mbili za bati, bakuli tano za chuma moja ndani ya nyingine, mkasi, vijiko, na juu kabisa gilasi ya vipima joto.

Matroni akatazama saa yake ya kifuani, saa nane na robo. Akateremsha mkono.

Ngurumo, mwana wa fundi, mume wa Bi Kalamu, bwana wa kalibu kumi na nne, akashika mpini, akavuta pumzi, akasukuma.

Wa kitanda cha kwanza na cha pili wakapitwa kama wasiokuwepo. Penye kitanda cha tatu alilala jitu la mtu, mguu wake wa plasta umening'inizwa, na ndala zake zimetupwa katikati ya njia, moja chali, moja kifudifudi. Ngurumo alilielekeza toroli kushoto upana wa vidole viwili, akalipitisha kati ya ndala na ndala, na bakuli za chuma zikatazamana zisiseme neno. Penye kitanda cha tano sakafu ilikuwa na ufa, upana wa penseli, uliokata wodi kutoka ukuta hadi ukuta. Hapo ndipo Jogoo wa zamani alipokuwa akipiga kelele za kufa. Magurudumu ya mbele yakaingia, yakatoka. Ya nyuma yakaingia, yakatoka. Mtu wa kitanda cha tano akajigeuza, akavuta shuka hadi kidevuni, akaendelea na ndoto yake. Mwisho wa wodi Bi Kalamu alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, usije ukainuka wenyewe.

Akafika kitanda cha tisa.

Na hapo viganja vyake vikamwambia jambo. Gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa limeanza kusita. Halikuwa limelia bado. Bi Kalamu hakuwa amesikia, wala Matroni, wala Afisa. Lakini Ngurumo alilisikia kwenye mfupa wa kidole gumba, kigugumizi kidogo, kama mtu anayetafuta neno, naye alijua kwamba hatua mbili mbele neno hilo litapatikana.

Akasimama. Wodi nzima ya walio macho ikaacha kupumua.

Akapiga magoti, polepole, mwili wake wa kilo tisini na nne ukishuka kama winchi inavyoshusha kontena. Goti la kulia likatua. Goti la kushoto likalia "ko".

Na kitandani, sentimita thelathini kutoka usoni pake, mzee mmoja mwembamba mwenye ndevu nyeupe akafungua jicho moja.

Wakatazamana.

"Unatafuta nini, kijana?" akanong'ona mzee.

Ngurumo, aliyelisoma swali midomoni mwa mzee, na ambaye hakuwa ameitwa kijana kwa miaka ishirini, alisikia jibu likipanda kutoka tumboni kwa uzito wake wote. Likafika kifuani. Likafika kooni. Hapo likakutana na peremende. Alinyonya kwa nguvu zake zote, mashavu yakaingia ndani, machozi yakamtoka, na jibu likarudi lilikotoka. Akanyoosha kidole kwenye gurudumu.

Mzee akajikokota hadi ukingoni mwa kitanda, akachungulia. Mzee huyu alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, naye alitambua mara moja kilichokuwa pale: uzi mweupe mrefu, uliochomoka kwenye bandeji ya mtu, umejizungusha kwenye ekseli raundi nne au tano, unazidi kujikaza. Ngurumo akaushika kwa kucha ili auvute. Mzee akamgonga mkono.

"Usivute," akanong'ona. "Ukivuta unakaza. Rudisha nyuma. Utajifungua wenyewe."

Ngurumo, macho yake kwenye uzi, hakusikia hata neno, lakini mzee alizungusha kidole chake hewani kinyume, mara mbili, na fundi akamwelewa fundi. Akasimama. Akalivuta toroli nyuma nusu hatua, huku ameshika ncha ya uzi.

Kule nyuma Afisa alikuwa amepiga goti moja sakafuni, anapekua fomu akitafuta kama kurudi nyuma kunaruhusiwa. Hakukuta panaporuhusu. Hakukuta panapokataza. Akaifunga fomu, naye ameniambia kwa kinywa chake kwamba huo ndio uamuzi mkubwa aliowahi kuufanya bila kumpigia mkubwa wake simu.

Uzi ukaachia, raundi moja, mbili, tatu, nne, ukalala kiganjani mwa Ngurumo kama mnyoo aliyechoka. Akautia mfukoni. Akasukuma. Viganja vikamwambia: safi.

Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Toroli likagusa ukuta wa mwisho kwa upole, kama mtu anayegusa paji la uso la mtoto kuona kama ana homa. Bi Kalamu alikuwa pale, mkono wake bado chini. Akautumia mkono huo kumziba mumewe mdomo, maana alimwona anataka kufurahi.

Matroni akapita wodini kwa viatu vyake visivyosikika, akisikiliza pumzi. Akarudi. "Kumi wamelala," akanong'ona. "Mmoja yuko macho."

Afisa akasikitika kwa dhati, uso wake wote ukashuka. "Sharti linasema mgonjwa yeyote," akanong'ona. "Kama ameamshwa, mimi siwezi..."

Wakamwendea mzee wa kitanda cha tisa. Alikuwa ameketi sasa, mto mgongoni, kama jaji.

"Mzee wangu," akamwuliza Afisa, "toroli limekuamsha?"

"Sikiliza, mwanangu," akasema mzee, kwa sauti ya chini lakini isiyo na haraka yoyote. "Mimi nimekaa humu siku kumi na moja. Mchana silali, nimezoea cherehani, mchana kwangu ni kazi. Kila siku toroli hili nalisikia tangu liko kule stoo. Nalisikia linapinda kona. Nasikia ufa. Likifika hapa nimekwisha kasirika nusu saa nzima. Leo nimegeuka hivi, nikaliona. Nimeliona kabla ya kulisikia. Niliogopa, nakwambia, nikadhani masikio yamenitangulia kufa. Nikafumba macho kidogo ili nione kama na viungo vingine vinafuata. Nilipofungua nikamwona huyu bwana amepiga magoti kitandani kwangu analia. Nikajua huyu ni mtu mzuri. Andika: sikuamshwa."

"Amesemaje?" Ngurumo akamwuliza mkewe kwa midomo tu, na hiyo, enyi wasikilizaji, ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kumnong'oneza.

"Amesema tumeshinda," akajibu Bi Kalamu kwa midomo.

Matroni akatoa kalamu kwenye nywele zake, akaegemea juu ya Jogoo, akasaini: matoroli sita, wodi ya wanaume, na kwa mkono huohuo akaongeza, kwa herufi ndogo, matoroli manne, wodi ya akina mama, nitaongea nao. Afisa akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Furaha ilikuwa imemjaa hadi kwenye kile kidole kilichotoka soksini. Akafungua mkoba, akatoa muhuri wa serikali, ule mkubwa wenye mpini wa mbao, akauchovya kwenye wino, akatafuta mahali pagumu pa kuwekea karatasi, akaiona trei ya bati, akaiweka hapo, akainua mkono juu kabisa kama mtu aliyengoja kitu hicho miaka, akapiga.

Chupa arobaini ziliruka. Bakuli tano za chuma zilisema yote ziliyokuwa zimeyameza tangu kitanda cha kwanza. Gilasi ya vipima joto ikadondoka, na Matroni akaidaka hewani bila hata kuitazama. Wagonjwa kumi wakaketi kama kitu kimoja, na yule jitu wa mguu wa plasta akauliza, "Nini hicho?"

"Ni serikali tu," akasema Matroni. "Laleni."

Kisha akamgeukia Afisa, aliyeona haya hadi masikioni, amekumbatia muhuri kifuani. "Toroli limepita," akamwambia. "Muhuri ndio umeamsha. Usije ukachanganya kwenye ripoti yako."

"Sitachanganya, Sista."

Basi Ngurumo, baada ya kuona kwamba hakuna tena wa kuamshwa, akaitafuna peremende. Na kile alichosema, kwa sauti yake aliyopewa na miaka ishirini na miwili ya kazi, kilisikika hadi kwenye maegesho tulikokuwa tumemngoja watu saba nyuma ya pikapu, nasi tukarushana kofia. Alisema, "ASANTENI, SAMAHANI, LALENI SALAMA."

Wiki tano baadaye barua ya Mpango ilikuja, nayo ilikuwa ya kurasa nne pamoja na viambatisho sita. Maombi yamekubaliwa. Kalibu mpya, mashine ya pili, mafunzo ya miezi mitatu kwa wafanyakazi. Ngurumo alimpa mkewe aisome kwa sauti, akamwambia airudie, akamwambia airudie tena ukurasa wa pili. Sitawaficha kwamba si wote tuliorudi. Wanne walikuwa wamepata kazi kwingine, na mmoja alikuwa amehamia kwa dada yake mbali. Wawili waliambiwa wasubiri mpaka oda ya wodi ya akina mama ithibitishwe, nao wanasubiri, kila Ijumaa huja kunywa chai nasi na kuuliza. Lakini Jumatatu ile watu kumi na mmoja tuliingia getini, mashine ikawashwa, harufu ya mpira wa moto ikajaa, na fundi wa kalibu akaanza tena kuongea na watu, akianza na kutulaumu kwa kuweka vitu vyake mahali si pake.

Kile kiwanda chenye uzio mrefu sasa kimefungwa, nyasi zimeota kwenye geti lake. Nikipita hapo huwa napunguza mwendo, maana si haki kupita haraka mahali palipokulisha.

Kwa hiyo iandikwe, na atakayeandika aandike kwa wino mweusi na kwa herufi kubwa. Iandikwe kwamba siku ya Jumatano, kati ya saa nane na robo na saa nane na dakika ishirini na moja za mchana, mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote waliowahi kuzaliwa mtaani kwetu alibeba chupa arobaini, trei mbili, bakuli tano na riziki za watu kumi na wanane, akazipitisha hatua arobaini na mbili, na nusu hatua ya kurudi nyuma. Na kwamba wagonjwa kumi waliokuwa wamelala, wenye maumivu yao na ndoto zao, hawakujua, wala hawajui hadi leo, kwamba shujaa alipita.